Bastola Aliyoichagua Twila Propst

Twila Propst aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja katika milima ya Virginia Magharibi, na mlango wa basi lake haukuwa wa kubonyeza kitufe. Ulikuwa wa mkono wa chuma. Unauvuta kwa mkono wa kulia, mtoto anapanda, unausukuma, unakwenda kituo kingine. Vituo arobaini na viwili asubuhi na arobaini na viwili mchana, piga hesabu mwenyewe. Bega la kulia likaisha. Daktari alilipasua mara mbili, na mara ya pili akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba asiweke tena bunduki ndefu begani, maana teke moja tu litafumua kila walichoshona. Bega la kushoto lilikuwa zima, lakini jicho la upande huo lilikuwa na ukungu tangu utotoni.

Mwanamke mwingine angeshukuru kupona akaendelea na maisha. Twila hakuweza, kwa sababu ya kitanda. Kambi ya kuwindia ya akina Propst ni kibanda cha mbao chenye vitanda vitatu, na asiyewinda halali humo. Kitanda cha dirishani ni cha Dorsey, cha jikoni ni cha Elwood, na cha tatu kilikuwa cha ndugu yao mkubwa, Gaylord, mume wa Twila. Gaylord alipojua kwamba vumbi la makaa limemaliza mapafu yake, alisema mezani, mbele ya wote, kwamba kitanda chake ni cha mke wake, ambaye alikuwa amewinda naye miaka ishirini. Dorsey alikubali kwa mdomo. Tangu siku ya mazishi alikitaka kile kitanda kwa ajili ya mkwewe, kijana wa mjini asiyejua kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe.

Godoro lenyewe linanuka panya. Lakini ndipo mahali pekee ambapo Twila hakuwa dereva wala mjane wala shemeji wa mtu. Alikuwa mwindaji. Aliapa kwamba Dorsey hatakipata hata kwa dawa.

Kwa hiyo, mwezi wa Mei, akaingia dukani kwa mzee Virgil Teter. Dorsey alikuwepo, amekaa karibu na jiko na kikombe cha kahawa ambayo hakuinunua, kama kawaida yake.

"Nataka bastola ya kuwindia kulungu," Twila akasema.

Dorsey ndiye aliyejibu. "Ya kumuua au ya kumtisha, shemeji?"

"Wewe nimekuuliza?"

"Nasaidia tu. Virgil, mtafutie ya rangi ya waridi."

Virgil hakucheka. Si kwamba alikuwa mwema. Hakuwahi kucheka tangu nimjue. Alitandaza kitambaa juu ya meza akaweka bastola mbili za matundu sita, zote za mtutu mrefu. Moja ilikuwa ya risasi ya arobaini na nne, nyingine ya risasi ya mia tatu hamsini na saba. Usidanganywe na namba. Ya arobaini na nne ndiyo nene na ndiyo yenye teke. Ile nyingine ni nyembamba. Waliozibatiza mmoja alipima kwa sehemu za mia za inchi na mwenzake kwa sehemu za elfu, na mpaka leo hakuna aliyeomba radhi.

Twila aliinua ile nyembamba. Ilikaa mkononi vizuri, kitu ambacho hakukitegemea.

"Hiyo ni ya kuulia panya," Dorsey akasema. "Utamtoboa kidogo, atakimbia, halafu sisi tushinde Jumatatu nzima ya kufungua msimu tukiokota matone ya damu kwenye majani. Na sheria ya kambi unaijua."

Aliijua. Baba mkwe ndiye aliyeiweka: anayemjeruhi kulungu asimpate, anatoa godoro lake nje, na kitanda anapewa mwingine. Hakuna kikao wala rufaa.

"Chukua ya kiume," Dorsey akasema, "au baki nyumbani utufumie soksi."

Twila akairudisha ile nyembamba kwenye kitambaa. Akachukua ya arobaini na nne. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea huku akitia sahihi.

Kiangazi chote alikwenda kwenye shimo la zamani la kuchimbia chokaa na sahani za karatasi, zile za pikiniki. Kipimo cha watu wa huku ni hicho: hatua ambazo risasi zako zote sita zinaingia kwenye sahani, hizo ndizo hatua zako, na zaidi ya hapo huna ruhusa ya kufyatua. Mwezi wa Juni Twila hakuwa na hatua hata moja. Bastola ililipuka kama inamtukana, ikaruka mpaka karibu na paji la uso, na risasi ikachimba mchanga chini ya sahani. Julai hivyo hivyo. Agosti alianza kuichukia mpaka akawa haipaki mafuta. Kila Jumamosi alirudi nyumbani na kiganja kilichovimba, akajiambia kwamba wiki ijayo mkono utazoea. Haukuzoea. Alikuwa na kiburi, tuseme ukweli, na kiburi hicho alikuwa amekinunua kwa Dorsey kwa bei yote.

Septemba Virgil akafika pale shimoni bila kualikwa. Alisimama nyuma ya Twila, akatazama risasi tatu zikiingia mchangani, akapiga miayo.

"Nipe hiyo."

Akaipokea, akampa mgongo, akajaza risasi huku Twila haoni, akamrudishia. Twila akalenga. Ya kwanza ikalipuka, ikaenda chini. Ya pili pia. Mara ya tatu akavuta kifyatulio na bastola ikasema *tiki*, basi. Virgil alikuwa ameweka ganda tupu kwenye tundu lile. Hapakuwa na mlipuko wala teke, na bado mtutu ulikuwa umejitupa chini karibu kiganja kizima, na macho ya Twila yalikuwa yamefumbwa.

"Umeona?" Virgil akauliza.

"Nimeona umenichezea."

"Nimekuchezea mimi? Unaipigia magoti bastola kabla haijasema neno. Unaiogopa."

"Siogopi kitu."

"Basi utakufa huogopi, na kulungu atakufa porini baada ya siku tatu na mguu umeoza. Kulungu hafi kwa kelele, Twila. Anakufa kwa tundu lililo mahali pake. Unataka kumkomoa Dorsey au unataka kitanda? Sema kimoja, nina duka la kufungua."

Twila alimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa lake hakupaswa kuyajua. Jumatatu akapeleka ya arobaini na nne dukani na akatoka na ile nyembamba, pamoja na boksi la risasi nzito zenye kichwa kigumu ambazo Virgil alisema zitapita mbavu za kulungu upande hadi upande, mradi awe amesimama ubavu na awe karibu. Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alisimama jikoni na bastola tupu, sarafu imelala juu ya mtutu, akavuta kifyatulio mpaka sarafu ikaacha kuanguka. Novemba ilipofika, risasi sita ziliingia kwenye sahani kwa hatua arobaini. Kwa hatua hamsini ziliingia nne. Akaandika arobaini kwa kalamu ya wino kwenye kiganja cha glavu yake.

Jumapili ya mwisho kabla ya msimu wakakutana kambini. Elwood alikuwa anakaanga soseji na mikate ya unga wa ngano nyeusi, na hakumsalimia mtu, maana Elwood akishika kikaango hana ndugu. Dorsey aliona bastola kiunoni mwa Twila kabla hajavua kofia.

"Iko wapi ya arobaini na nne?"

"Nimeirudisha."

"Ilikushinda."

"Ndiyo. Ilinishinda."

Dorsey hakutegemea jibu hilo, likamkera. Akafungua mkoba wake akatoa kitu kinene kama bomba la maji, kipya kabisa, cha risasi kubwa kuliko zote walizowahi kuziona pale. Mwaka ule aliiacha bunduki yake nyumbani kwa ajili ya kumwonyesha mwanamke bastola ni nini. "Hii inaangusha dubu," akasema. Twila akatazama boksi la risasi za Dorsey lililokuwa mezani. Lilikuwa la risasi ishirini, na zilizokwisha kupigwa zilikuwa nne tu.

"Kesho ukimjeruhi ukampoteza," Dorsey akasema, "saa sita mchana godoro lako liko barazani. Nitalitoa mwenyewe."

"Sheria ni ya wote au ni yangu peke yangu?"

"Ya wote," Elwood akasema, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango.

"Nani kakataa?" Dorsey akacheka. "Ya wote."

Jumatatu kulipopambazuka Twila alikuwa ameegemea mwamba ambao Gaylord alikuwa akiegemea. Saa mbili na nusu dume likatoka kwenye miti, pembe nane, shingo nene, likasimama ubavu kama limetumwa. Alihesabu hatua kwa macho. Sabini. Kwa bunduki yake ya zamani kulungu huyo angekuwa ameshakufa. Mkono ulimwasha. Alimchukia Dorsey, akamchukia daktari, akachukia kila mlango wa basi aliowahi kuuvuta. Hakufyatua. Dume likakata majani mawili matatu, likapanda taratibu kuelekea kwenye kilima cha Dorsey.

Milio ikawa mitatu, ya haraka haraka. Twila aliinuka kabla mwangwi haujaisha, kwa sababu alijua. Miezi minne alikuwa ametazama risasi zake mwenyewe zikienda mahali zinapokwenda hizo.

Alimkuta Dorsey kwenye kijito, anazunguka zunguka kama kuku.

"Nimempata kifuani," akasema.

Twila akachutama. Palikuwa na matone machache ya damu nyekundu, na kipande cha mfupa mweupe chembamba. "Hiki si cha kifuani. Umempiga mguu wa mbele. Umepiga chini."

"Kuna tawi limeikwepesha risasi."

"Zote tatu?"

Dorsey akatazama kulia na kushoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Twila hakuwahi kuisikia kutoka kwake: "Tuseme nimemkosa. Hatujaona damu hapa. Sawa, shemeji?"

Twila alimpita. Alifuata damu kwa saa mbili, kupitia vichaka vilivyoshonana, wakati mwingine akitambaa, tone hapa, jani lililopinduka pale. Dorsey alimfuata akilalamika kwamba wanapoteza muda, kwamba mwanamke mkaidi ni balaa, kwamba huyo kulungu ameshavuka barabara. Hakuwa amevuka. Alikuwa amelala nyuma ya mti ulioanguka, hatua kumi na tano, na aliposikia vishindo akasimama kwa miguu mitatu, ubavu wake wote ukiwa wazi. Twila akashika bastola kwa mikono miwili. Risasi moja, nyuma ya bega. Dume lilikwenda hatua nne likaanguka.

Milimani huku nyama ni ya aliyepiga risasi ya kuua, na risasi ya mguu haijawahi kuua mtu. Dorsey alilijua hilo vizuri kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilipigia kelele kila mwaka. Alipomwona Twila anatoa karatasi yenye jina lake, ile ambayo mwindaji huifunga kwenye pembe za mnyama wake, akamshika mkono.

"Mwache awe wangu. Elwood alisikia milio yangu. Ukifunga hiyo, ataniuliza wangu yuko wapi."

"Najua."

"Nitatolewa kambini, Twila. Mimi!"

"Najua."

"Gaylord asingenifanyia hivi. Gaylord angeniachia."

Twila akautoa mkono wake taratibu. "Gaylord alikuachia miaka yote. Alikuachia shamba la mama yenu. Alikuachia kitanda cha dirishani. Alikuachia useme mbele za watu kwamba amejibebesha mzigo kwa kunioa mimi, na akanyamaza, kwa sababu wewe ni mdogo wake. Nilikuwa nimesimama pale, Dorsey, na nilisikia." Akafunga karatasi kwenye pembe, akakaza fundo kwa meno. "Gaylord amekufa."

Kisha akamwambia ashike pembe ya pili, wanashuka. Dorsey akashika.