Jina Langu Kwenye Mwongozo wa Mume Wangu

Admin, nisitiri. Jina langu limeshasomwa na watu wa kutosha. Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Kipini, nafundisha Kiswahili katika shule moja hapa Garsen. Nina miaka saba ya ndoa, na sina mtoto.

Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Yeye na wenzake wa mtandaoni wameunda mfumo endeshi mpya, ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima. Walitaka mwongozo wa madeveloper, wale waunda programu, utoke kwa Kiswahili, akaniomba nimsaidie lugha. Mwaka mzima nikitoka shule nakaa naye, yeye anaandika, mimi nanyoosha. Nikajua kumbe programu ikianzisha nyingine huitwa mzazi, na ile iliyoanzishwa huitwa mtoto. Kuna sentensi aliiandika ovyo, nikaitengeneza mwenyewe: "Mzazi asiyezaa hushika nafasi bure, muue, uanzishe mwingine." Juu yake kulikuwa na mfano, na pale pa jina la mzazi alikuwa ameweka nukta tu. Nami nikaona imekaa vizuri.

Wiki mbili zilizopita wakauchapisha. Jumatatu naingia ofisi ya walimu, mwalimu wa kompyuta ananiita akicheka, "Madam, umekuwa maarufu!" Akanigeuzia skrini. Penye nukta palikuwa na jina langu, la kwanza na la babangu. Mbele yake: "Watoto: 0." Chini, sentensi yangu. Chini zaidi watu nisiowajua wameandika maoni, mmoja anauliza kama huyo mama ameshauawa ama bado. Nilienda darasani nikafundisha ngeli, sijui nilifundisha nini.

Nyumbani nikamkuta anakula. Nikamuuliza kwa nini. "Ni mfano tu," akasema. "Watu hukumbuka mfano unaochekesha."

"Basi weka jina lako."

"Mimi nimezaa mfumo mzima."

Nikamwambia nitalifuta. Akanitazama, akasema polepole, "Lifute, watu wajue ni kweli." Mavyaa wangu, mama yake, alikuwa jikoni akisikia yote. Akasema kwa sauti ya kunifikia, "Hata kompyuta imemjua."

Wenzangu, kuna jambo sijawahi kulisema popote. Mwaka wa pili wa ndoa tulipimwa Malindi. Daktari alisema mimi sina tatizo lolote. Mume wangu ndiye hana mbegu. Alilia kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, akaniomba mamake asijue. Nikaja nikamwambia mavyaa kasoro ni yangu. Tangu siku hiyo nimenyweshwa mizizi michungu, nimetukanwa kwa Kipokomo mbele ya mashemeji wakidhani sikielewi, nami kimya. Nilimsitiri kwa sababu nilimpenda.

Neno la siri la kuingilia ule mwongozo ninalo, yeye mwenyewe alinipa. Juzi nimeandika ukurasa mpya. Nimeweka jina lake kamili na majibu ya daktari, neno kwa neno. Kiswahili chake hakina doa. Kimebaki kitufe cha kuchapisha tu. Ninachoogopa ni kwamba akishaaibika hatainuka tena, na wenzake wale hawajanikosea.

Nilikuwa nimeanza kulegea, niufute. Leo asubuhi akaja kukaa nami kitandani, mpole kama zamani. Kumbe mamake amemtafutia msichana Tarasaa, wa miaka ishirini na moja, na posa inapelekwa Ijumaa. "Mwalimu wangu," akasema, "hiyo barua ya posa niandikie wewe. Hakuna mwenye Kiswahili kama chako."

Karatasi ameniachia mezani. Yule msichana hajui anaolewa kubeba lawama gani, na wazazi wake siwajui. Nyinyi mlionisoma hadi hapa, nishaurini: nichapishe ule ukurasa, niende Tarasaa nikamwambie msichana, au nimwandikie mume wangu barua yake na nizidi kunyamaza?