Spika Nilizomuuzia Amoit

Mwanangu, siku moja nikiwa kijana nilimuuzia msichana asiyeona spika za masikioni kule Malaba, na siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Keti kidogo. Najua una haraka, vijana wa mpakani wote mna haraka, na mimi enzi zangu nilikuwa mbio vilevile. Siku hizi mnaniita kukhu, yaani bibi, ingawa hamsini sijaifikisha, nami sikatai, maana wajukuu ninao. Jana uliniuliza kati ya hizi spika zisizo na waya unazouza, hizi za bei ya chini kabisa, ni zipi nzuri. Nikanyamaza. Sikukudharau. Swali hilo niliwahi kulijibu harakaharaka, na jibu langu likamliza mtu.

Wakati huo simu za kubofya zenye kadi ya kumbukumbu zilikuwa zimeenea, na kila mtu alitaka spika za kuchomeka masikioni. Nilizitundika kwenye kipande cha katoni, nikapita kando ya foleni ya malori kutoka forodhani hadi lori la mwisho. Dereva aliyekwama siku mbili hununua chochote. Kwenye simu yangu nilikuwa na wimbo mmoja wa besi nzito. Nilimchomekea dereva, nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikamtazama usoni. Kichwa kikianza kutikisika, nilijua amenunua. Hata mimi nilizipima hivyohivyo nilipokuwa nikichukua mzigo: zikidunda nachukua, zisipodunda naacha.

Nikapata sifa. Wachuuzi wenzangu wakawa wananiletea bidhaa zao nizisikilize kabla hawajalipa. "Ngoja kwanza Nafula asikie," walisema, nami kichwa kikavimba. Niliamini kabisa kwamba Mungu alinipa masikio ya pekee. Nakwambia haya ujue kwamba sikuwa tapeli. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu ndiyo iliyoniponza.

Amoit alikuja akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Walitoka upande wa Kocholia. Alikuwa na miaka kama kumi na tisa, haoni tangu utotoni, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu wake alikuwa amemrekodia masomo yote kwenye simu, ila spika zake za zamani zilikuwa zimekatika waya. Kwao ni nyumba ya chumba kimoja na wadogo zake hawanyamazi, kwa hiyo bila spika hakuna kusoma.

"Dada, hizi zinasema vizuri?" aliniuliza.

"Hizi ni moto. Sikiza mwenyewe."

Nikamchomekea, nikafungulia wimbo wangu. Kichwa hakikutikisika. Akazitoa polepole.

"Si uko na sauti ya mtu anaongea hapo? Mimi nataka za masomo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli. "Kama zinabeba mziki kama huu, kuongea ni nini? Chukua, dada. Hutarudi kulalamika."

Akachukua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa. Na kweli hakurudi. Aliyerudi ni mama yake, baada ya wiki tatu hivi. Nilipomwona nilijiweka tayari kubishana, maana wateja wa spika nawajua, wanakanyaga waya halafu wanakuja na maneno. Lakini hakuja kugombana.

"Yoga, Nafula," alinisalimia kwa Kiteso. "Watu wanasema wewe ndio unajua mambo ya masikio. Mtoto wangu sasa hata masikio inaenda. Anasikia mwalimu kama yuko mbali, maneno haishiki. Anaongeza sauti mpaka kichwa inauma. Hata mimi nikimwita, ananiambia nirudie. Ameweka simu kando, amesema mtihani hafanyi. Anasema Mungu alichukua macho, sasa anakuja kuchukua na hii ingine. Unajua daktari?"

Hata hapo sikuelewa, mwanangu. Nilimwonea huruma, nikamwelekeza hospitali ya Busia, nikampa pole nyingi. Kuhusu spika zangu sikuwaza hata mara moja. Namwona hadi leo akiniaga kwa kunishukuru, na aibu inanipata upya.

Kesho yake nilikwenda Busia kuchukua mzigo kwa Mzee Swaleh, aliyekuwa na duka dogo la redio na simu karibu na soko. Nikamsimulia habari za Amoit jinsi mtu anavyosimulia msiba wa jirani. Mzee alikuwa akilehemu redio. Akaacha.

"Spika alinunua kwa nani?"

"Kwangu."

"Ulizipima kwa kitu gani?"

Nikachomeka spika za aina ileile, nikamfungulia wimbo wangu kwa fahari. Hakutaka hata kuzishika. Aliinuka, akafunga mlango, akazima feni, duka likawa kimya. "Humo kwenye simu una sauti ya mtu unayemjua?"

Nilikuwa na sauti ya mama yangu. Kaka yangu alimrekodi nyumbani Bumala akiniagiza niende na mafuta ya kupikia na mbegu za maharagwe, na nisijifanye nimesahau. "Shusha sauti iwe nusu," mzee akasema. "Sasa msikilize."

Sikumtambua mama yangu. Alikuwa kama anaongea akiwa na blanketi mdomoni. Chini ya kila neno kulikuwa na mvumo, na miisho ya maneno ilimezwa. Nikaongeza sauti, mvumo ukaongezeka na mama akazidi kupotea. Nikazitoa masikioni, nikakaa juu ya katoni.

"Binti yangu," Mzee Swaleh akasema, "wewe hukuwa ukisikiliza spika, ulikuwa ukisikiliza barabara. Pale kwenye malori, chochote kinachoishinda injini utakiona kizuri. Hizi za bei rahisi wanazijaza besi kufunika ubaya wake. Akisema mtu, ndipo zinapoumbuka. Na huyo msichana, alikwambia anataka za nini?"

"Alisema za masomo."

"Alisema mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe, mzee."

Akageuka, akavuta droo. Afadhali angenitukana.

Akamwaga mezani aina zote za bei ya chini alizokuwa nazo, tukaanza kumsikiliza mama akidai mafuta, moja baada ya nyingine, hadi nikachoka naye. Nyingi zilikuwa mbaya. Moja ilisema sikio la kushoto tu. Kisha tukafika kwenye spika nyembamba za kijivu, sura hazina, hata pakiti yake imepauka. Wimbo wangu ndani yake ulikuwa dhaifu kabisa, hakuna dereva angezitaka. Lakini mama alikuwepo. Nilimsikia hata akivuta pumzi kabla ya kunikaripia. Na bei yake ilikuwa ileile.

Alasiri hiyohiyo nilifika Kocholia. Amoit alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Sikujieleza. Nilimpa zile za kijivu, mama yake akafungua somo. Mikono ya Amoit ikasimama juu ya ungo.

"Ni mwalimu," akasema. "Mama, ni yeye."

Akalia, mama yake akalia, nami nikalia kuliko wote. Kisha akatoa spika moja sikioni, akageukia nilikokuwa.

"Dada, siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na ukacheka."

"Nilicheka."

Akairudisha sikioni, akaendelea na somo lake.

Kumbe masikio yake hayakuwa na ugonjwa, ile kelele tu ndiyo iliyokuwa imeyachosha, na mtihani aliufanya. Alipita, ila si kwa alama alizozitaka, kwa kuwa zile wiki alizolala akilia hakuna aliyemrudishia. Leo ni mwalimu. Tukikutana Nambale siku ya soko hunisalimia vizuri, huuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Lakini tangu siku zile hajanunua kwangu hata sindano, na simlaumu.

Basi mwanangu, usiniulize mimi ni zipi nzuri. Muulize anayenunua anataka kumsikia nani. Kisha mtoe barabarani, shusha sauti, mfungulie mtu anayeongea, ikiwezekana mtu anayemjua yeye, na umwache aamue kwa masikio yake. Kama hazimfai, mwambie hazimfai, hata kama jua linatua hujauza. Bei kuwa ndogo si kosa. Kosa ni kumjibu mtu kabla hujamsikia, na kosa hilo utalifanya hata nje ya biashara, nyumbani kwako, kwa mkeo, kwa wanao, usipojizoeza sasa.

Haya, chukua katoni yako uende, magari yameanza kupanga foleni. Mungu akupe riziki iliyo safi, akulinde na sifa za watu, na siku mteja akikuuliza, akujalie unyamaze kwanza.