Nyanya wa Kukodiwa Kakiika

Mimi nauza mihogo Base Camp, mu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na upuuzi siutaki. Lakini nilitamani kitenge kipya, kwa hiyo nilikubali kukodiwa niwe nyanya wa siku moja. Kijana mumoja Mukongomani alikuwa anaenda kuposa mu mutaa wa Kakiika, na baba wa binti alisema hatoi mtoto kwa mtu asiye na wazee.

Na kijana huyo tulikuwa tumeongea kwa simu tu. Pikipiki ikanichelewesha, nikakuta watu wameshakaa mu hema, wanaume wote wamevaa kanzu na koti. Kabla sijapata fasi ya kukaa, shangazi wa binti akaniita: "Mama, tuonyeshe mjukuu wako!"

Ningeuliza kwa adabu, lakini kiburi changu ni kingi. Nikamukamata mukono kijana mumoja murefu aliyenichekea.

"Ni huyu! Nilimubeba mu mugongo. Hata pombe haijui."

Hema zima likaangua kicheko.

"Mama, huyo ni kaka wa bibi harusi," shangazi akasema. "Na pombe anaijua sana!"

Nyuma yangu kijana mufupi akainua mukono, jasho linamutoka. "Koko, nyanya wangu, niko huku."

Baba wa binti akasimama.

"Mama, kama huyu wetu ulimlea wewe, nenda naye. Huyo mfupi atabaki na sisi."