Spika ya Kushoto

Mama mmoja, fundi cherehani, hakubali jambo kabla hajaligeuza ndani nje. Spika ya kushoto ya sebuleni iliponyamaza, mwanawe alitaka kuitupa.

"Imekufa hiyo, mama."

"Umeipima mapigo wewe?"

Akachomoa waya wa spika ya kulia, akauchomeka kwenye ile ya kushoto. Ikaimba!

"Marehemu mzima. Mgonjwa ni waya wake."

Akaukagua ule waya kama pindo la gauni. Ncha za shaba zilikuwa zimezungushiwa uzi mwekundu, mizunguko safi kabisa.

"Mama! Umeishona njia ya umeme ikaziba?"

Kweli, wakati wa kufagia mama aliziona ncha hizo zimefumuka, akazifunga uzi, kwani hawezi kuvumilia kitu kilichofumuka. Akakata uzi, akarudisha waya. Spika zote zikaimba, naye akakaa katikati, akitega sikio huku na huku.