Dereva Aliyeniita Shem

Nianze na aibu ndogo, kubwa itafuata. Mimi ni mama mtu mzima, fundi cherehani hapa Mpanda mjini, kiongozi wa kwaya ya akina mama, na miezi hii yote nimekuwa nikicheza magemu kwenye simu. Wateja wakipita kibarazani wakanikuta nimeinamia kioo, midomo inachezacheza, wanaambiana taratibu, "Mwacheni mama anasoma Neno." Nami nawaacha waamini hivyo. Kumbe niko kwenye kona kali na basi limejaa abiria.

Simu yenyewe ilikuwa ya kitindamimba wangu. Alipokwenda chuo alipata nyingine, hii yenye ufa kiooni akaniachia niwe napigia picha mishono ya wateja. Hakufuta kitu. Magemu yake yote yalikuwa humo, na jina lake la kuchezea humo humo, jina la kijeuri ambalo sitaliandika hapa. Nilianza kwa kubofyabofya tu, kama mtu anayefunua masufuria ya jirani kuona leo kumepikwa nini.

La kwanza lilikuwa la kilimo. Jamani! Mimi nimekulia Katumba. Wazazi wangu walifika pale wamekimbia Burundi, wakapewa pori wakalifyeka, na utoto wangu wote nimeumalizia kwenye majani ya tumbaku, vidole vyeusi kwa utomvu. Sasa niletee shamba ambalo unapanda mahindi, unageuka kukoroga uji, ukirudi yameshakauka yanasubiri gunia. Hakuna viwavi, hakuna nguruwe pori, hakuna mtu anayeangalia mawingu. Mkulima wake anavaa buti safi na anatabasamu tu muda wote, anacheka na nani sijui. Niliona ni dharau, nikalifunga. La mpira nalo likanishinda, maana wachezaji wangu walikuwa wanakimbilia golini kwetu wenyewe. La peremende zinazopasuka lilinipa kizunguzungu.

Ndipo nikakutana na la mabasi. Hilo niseme ukweli, nililipenda. Mimi hata baiskeli sijawahi kuendesha, nabebwa tu nyuma. Nchi ya humo siijui, ina minazi na majaruba ya mpunga, lakini vijana wetu wameyachora upya mabasi yakafanana kabisa na haya yanayotoka stendi yetu kwenda Tabora, mpaka rangi, mpaka maneno ya kumshukuru Mungu kwenye kioo cha nyuma. Usukani unaugeuza kwa kuinamisha simu, kwa hiyo kona ya kulia ikija, mimi na mwili wangu wote tunainama kulia, kiti kinalia. Mvua ikinyesha unawasha waipa. Lakini kilichonimaliza ni honi. Ndefu, ya mbwembwe, ya kumwambia mtu kaa pembeni, mwenye njia anakuja. Mtu ambaye maisha yake yote amepisha wengine barabarani na kula vumbi lao, ukimpa honi kama ile umemharibu.

Gemu hilo lina sehemu ya msafara. Watu walioko mbalimbali wanaingia kwenye barabara moja, wanaendesha wakifuatana, na pembeni pana mahali pa kuandikiana. Mchana mmoja nimeegesha kwenye stendi ya humo, basi la kijani likaja likasimama ubavuni kwangu. Maandishi yakatokea: "Shem! Umepotea sana. Chuo kimekumeza?"

Nilimjua hapo hapo. Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Yeye na kitindamimba wangu walizoea kucheza pamoja na kutaniana, vile mashemeji wanavyotaniana. Kaona jina la shemeji yake, kadhani ni shemeji yake. Na mimi, badala ya kuandika kwamba huyu ni mama yenu, nikaandika, "Nipo shem, masomo tu."

Naomba nieleweke kidogo kabla sijahukumiwa. Mkwe wangu ni Msukuma, familia yao ilihamia huku na ng'ombe wao, wanakaa Litapunga. Kwao mama mkwe hazoeleki. Hanipi mkono. Hatuli sahani moja. Akinikuta njiani anaacha njia, anaingia kwenye majani, anageukia pembeni mpaka nipite, ndipo anarudi. Akija kwangu anasalimia kutoka mbali macho chini, anakaa kwenye kigoda karibu na geti, na neno akiwa nalo analipitisha kwa mke wake. Tangu amwoe binti yangu sikuwahi kusikia sentensi yake ndefu. Sasa huyu hapa, anaongea! Tena mcheshi! Akanisimulia kwamba huwa anachunga huku anaendesha, na kwamba ng'ombe wameshawahi kuingia kwenye mihogo ya mtu wakati yeye anapandisha mlima na abiria. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza ni mstari gani huo unachekesha hivyo.

Ningeishia hapo ungekuwa utundu tu. Sikuishia. Kila mchana nikawa namtafuta. Nikajifunza kuandika kama kijana, "poa", "oya shem", "mwanangu usinipite kwenye kona". Mimi huyu huyu ninayewakemea wanakwaya kwa kuvaa nguo fupi! Nikifunga gemu uso unaniwaka, kesho yake narudi.

Wakati huo binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Sisi nyumbani tumezoea mtoto wa kwanza binti anakuja kumzalia kwa mama yake. Isitoshe kwangu ni karibu na hospitali, na kutoka Litapunga mvua ikishanyesha hata pikipiki zinasukumwa kwenye tope. Nilikuwa nimeshakata na kukunja vitenge vya kumpokelea mtoto. Lakini kila nikimpigia simu binti ananijibu, "Tutaona, mama." Tutaona gani hiyo isiyoisha, na mvua hiyo imeanza? Nikasema, aa, kama mtu mwenyewe ninaye hapa barabarani, si nimuulize?

Tulikuwa tumefuatana kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Nikaandika, "Shem, kwani dada haji kwa mama kujifungua?"

Basi lake likapunguza mwendo. Kisha akaandika, "Dada yako hataki. Anasema mimi nikija kumwona mtoto nitakaa wapi."

"Si utakaa kama siku zote?"

"Shem, mara ya mwisho tulipokuja, tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa. Tukageuka, tukamwona mama anasugua kile kigoda nilichokalia. Kwa sabuni. Dada yako alilia njia nzima. Sijamwambia mtu, hata nyumbani kwetu hawajui. Nimekuambia wewe tu."

Ilikuwa kweli. Nilikisugua. Alikuwa ametoka zizini moja kwa moja, ananukia maziwa na ng'ombe, na mimi nikajiambia nafanya usafi. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kugeuka. Mimi, mtoto wa wakimbizi, ambaye shuleni nikikaa kwenye dawati wenzangu wanasogea pembeni! Najua kabisa kulivyo. Najua, halafu nikachukua sabuni.

Mtu mwenye akili angeweka simu chini akalia. Mimi nikaanza kujitetea, tena kwa mdomo wa mwanangu. Nikaandika, "Mama hana ubaya shem. Mama ni mtu wa watu sana, anakupenda."

Akanirushia vikatuni vya kucheka. "Leo unamsifia? Si wewe uliyeniambia mama anasali kwa sauti ili majirani wasikie?"

Loh! Kumbe hata kitindamimba! Mtoto niliyemnyonyesha mpaka anaanza kukimbia! Nikasahau usukani, basi likaacha barabara likaingia kwenye majaruba ya mpunga, abiria wakapiga kelele, na mimi kibarazani nikapiga kelele. Mama wa duka la pili akaja mbio kuuliza nimejichoma sindano. Nikamwambia ndiyo.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani moja kwa moja, nikapanda bodaboda na furushi la vitenge mpaka Litapunga. Mkwe aliponiona natokea akazunguka haraka nyuma ya jiko, nikasikia anapasua kuni. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, amenyoosha mbele. Tukazungumza mambo ya mahindi, ya mvua, ya mchungaji mpya, tunazunguka tu. Shoka nyuma ya jiko linakwenda. Nikamwangalia mwanangu ile miguu, uvumilivu ukaisha.

"Twende nyumbani," nikasema. "Na mwambie mumeo, akija kumwona mtoto atakalia kile kiti cha mbao anachokalia mchungaji akitutembelea. Na hakuna mtu atakayekisugua."

Shoka likanyamaza.

Binti akanitazama. "Kusugua? Mama, nani kakwambia habari za kusugua?"

Nilizoea kudanganya kwa vidole. Kwa mdomo, mbele ya mwanangu, nilikwama. Nikasema nimewaza tu, nikasema moyo wa mama unajua, nikaongeza na Roho Mtakatifu, Mungu anisamehe. Binti aliangalia chini, akawa anavutavuta nyuzi za mkeka. Yeye hakuelewa. Lakini nyuma ya jiko kulikuwa na mtu aliyelisema jambo hilo kwa mtu mmoja tu duniani. Hata kuni moja hakupasua tena. Nilipoondoka hakuonekana popote. Binti alinisindikiza hadi mlangoni tu, akasema, "Tutaona, mama."

Siku kadhaa sikuigusa ile simu. Niliiweka ndani ya droo ya cherehani pamoja na mkasi mbovu. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, siku hizi husomi Neno?" na nusura nimtupie kitambaa chake usoni. Nikiwa nashona naiona miguu ya binti yangu. Nikisikia mvua inapiga bati naiona ile njia ya Litapunga inavyogeuka uji. Na nikikumbuka nilivyokuwa naandika "oya shem" natamani ardhi ipasuke. Mkwe wangu kaniwekea mkononi kitu kinachomuuma, akidhani ni mkono wa rafiki yake, na mimi nikaenda kukimwaga kwao uwanjani. Akimuuliza tu shemeji yake, ataambiwa ile simu iko kwa nani.

Mwisho nikaitoa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwomba msamaha, mazuri, marefu, yenye heshima. Ilikuwa mchana, kibaraza hakina mtu. Nikaingia kwenye msafara, nikakamata ile barabara ndefu.

Basi la kijani likatokea mbele, linakuja upande wangu. Nikasubiri aandike "Shem!" kama kawaida yake. Hakuandika. Likasogea, likawasha indiketa. Kisha likaacha lami taratibu, likaingia kwenye majani, likageukia pembeni, likasimama. Likazima taa.

Nikafunga breki katikati ya barabara. Yale maneno mazuri yote yakapotea. Machozi yanadondokea kioo chenye ufa, vidole vinateleza kwenye herufi, nikaandika, "Mwanangu nisamehe. Pita wewe."

Halafu yakaja maneno yake, ya kwanza aliyowahi kuniandikia mimi.

"Shikamoo mama. Tangulia wewe. Kesho tunakuja wote wawili, kaandae kile kiti cha mchungaji."

Nikaandika marahaba, nikakosea herufi, nikaiacha hivyo hivyo. Nikaliwasha basi nikapita mbele yake polepole. Honi sikupiga.