Jina la marehemu mama yangu, Achieng', lilivyogomesha system ya utafiti Homa Bay

Wakuu, salamu kutoka upande wa ziwa. Naandika vile ilitokea, siongezi chumvi. Mwenye ataniita muongo aje Homa Bay nimpeleke kwa Sister Akoth, huyo ndiye shahidi wangu.

Mimi ni data clerk kwenye utafiti wa dawa ya pressure. Wagonjwa wakishakubali kujaribu dawa tunawafuata kwa karibu, na kila kitu chao kinaingia kwa kompyuta. Lakini kabla system iguse mgonjwa wa ukweli, lazima tuijaribu na wagonjwa wa kubuni. Unabonyeza kila mahali uone itaanguka wapi.

Kitu kubwa hapo ni alert. Mgonjwa akizidiwa nyumbani, ukiandika tu hivyo, message inafaa kuingia papo hapo kwa simu ya daktari wa zamu upande wa Migori, na kompyuta yetu ilie kuonyesha imeenda. Inampa jina, njia ya kufika na namba ya simu ya clerk.

Hiyo alert kwangu haikuwa kazi tu. Mama yangu aliugua kwetu Sori, huko Migori. Kituo alikopelekwa wakaandika hali yake vizuri kabisa, wakasema atatumwa mtu wa kumwona nyumbani. Hakuna aliyekuja. Tulingoja mpaka akatuacha.

Sasa, data manager wa Nairobi alitutumia majina ya kutest: Test One, Test Two, hivyo hivyo. Yote yakapita, alert ikalia. Akasema tusign kwamba system iko sawa, Monday tunaanza.

Sister Akoth ndiye nurse wetu, mama wa Rodi Kopany, Msabato asiyecheza na kazi. Akaangalia hayo majina akaguna.

"Yawa! Huku nani anaitwa Test? Wuod Sori, kijana wa Sori, weka mtu mwenye ana kwao."

Nikaweka mama. Achieng', wa Sori. Nikaandika mpaka njia: shuka soko la samaki, uliza Achieng' wa nyoyo. Nyoyo ni mahindi na maharagwe, na aliyouza mama ilikuwa inaisha sufuria ikiwa bado moto.

Sister akaanza kumhoji kama yuko mbele yake. Amelala vipi? Anasikia kichwa? Mimi najibu vile mama angejibu: "Pressure ni ya matajiri, mimi nina njaa tu." Aki tulicheka. Ilikuwa miaka sijamwongelea hivyo, na nilisikia raha.

Kisha nikaandika: amezidiwa. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikarudia, kimya. Nikaweka Test One, ikalia. Nikarudisha Achieng', kimya tena. Nikatoa ile alama ndogo ya mwisho, ile iko pia kwa ng'ombe. Ikalia!

Wueh. System ikifika kwa hiyo alama inachanganyikiwa, inaitupa message yote.

Na mama hiyo alama usingemgusia. Hakusoma sana, lakini mwalimu akiandika jina lake bila, report form inarudi shule siku hiyo hiyo: "Ng' yangu mmeila?"

Nikapigia data manager. Si mtu mbaya, ni vile tu alikuwa na haraka. Akasema, "Si muandike tu bila hiyo alama? Tutarekebisha baadaye."

Hapo nilipandwa na hasira, wakuu. Nikamwambia, bro, huku ukiita Achieng' sokoni nusu ya akina mama wanageuka. Bado hujafika kwa akina Ong'ayo. Clerk mmoja akisahau siku moja tu, kuna mtu atakufa akingoja. Mimi sisign.

Akasema basi nitachelewesha mradi mzima, na jina langu litatajwa kwa mkutano.

Sister akaninyang'anya simu. "Na langu ulitaje, mwanangu. Akoth, halina alama, halitakusumbua. Ubarikiwe." Akakata.

Ikabidi warekebishe. Tukajaribu tena: Achieng', Sori, amezidiwa. Screen ikasema imetumwa. Sister akaenda kuchemsha chai, mimi nikanyoosha miguu.

Kumbe daktari wa zamu siku hiyo alikuwa mgeni, anashikilia mwenzake, na hakuna mtu alimwambia tunatest. Na alikuwa huko huko Nyatike, karibu na Sori, na pikipiki ya kazi.

Chai haijaisha, simu yangu ikalia.

"Boss, niko Sori sokoni. Huyu mama mnasema amezidiwa, Achieng' wa nyoyo, nikimuulizia watu wananiangalia tu. Kwake ni wapi? Niko na dawa, niko na mashine ya pressure. Nionyeshe njia."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, kikombe mkononi, nalia mbele ya kompyuta.

Nikapangusa machozi, nikamwambia, "Daktari, utusamehe, ilikuwa test. Huyo ni mama yangu. Alishatuacha."

Nilijua atanitukana, na angekuwa na haki.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Sasa kwa vile nimeshafika, wacha nimsalimie."

Nikamwelekeza mpaka nyumbani. Amelala upande wa kushoto wa nyumba, vile desturi yetu inataka. Ndugu yangu aliye hapo aliniambia daktari alivua helmet, akasimama kaburini, kisha akaomba maji ya kunywa akaenda zake.

Kabla ya kuanza na wagonjwa wa ukweli tulifuta wale wa kubuni wote. Mama naye akafutika. Nilidhani nitaumia, lakini wapi. Alikuwa ameshatembelewa.

Funzo langu ni hili: ukijaribu system ya kulinda watu, weka mtu unayempenda ndani yake, utaijaribu vizuri. Na mwambie daktari wa zamu, tafadhali.

Haya, tupieni hapa chini majina ya mama zenu, na alama zake zote. Nitayajaribu moja moja.