Chini ya Meza ya Bwana

Fundi Clemens wa Makambako alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao si wa kupeleka hospitali. Kila akimaliza kazi, iwe kiti, stuli au kabati la bibi harusi, aliigeuza chini juu, akaikagua na kujiuliza, "Je, akija leo?"

Ugonjwa huo aliambukizwa ujanani na marehemu Mzee Festo, aliyemfundisha useremala kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Njombe. Loo, mzee yule! Mlutheri wa kuamka na tenzi, na alikuwa na hakika kwamba Yesu akija kututembelea ataanzia karakana, maana fundi hasahau kazi yake. Alimsimulia mpaka ukamwona: huyo, ameshuka basi stendi ya Makambako, baridi inamtetemesha, ameazima sweta la mtu, penseli iko sikioni. "Askofu atamwonyesha kanisa," Mzee alisema, "yeye atainama kuangalia chini ya mabenchi. Juu ni pa watu, Clemens. Chini ni pa fundi mwenzako." Basi watacheka, watakunywa chai ya Lupembe kwa vikombe vya bati, miguu imezama kwenye maranda. Clemens amekunywa chai nyingi tangu siku zile, lakini ile haijapata mwenzake.

Sasa sikia alichokifanya. Mwaka 1990 kanisa jipya la pale kijijini lilikuwa linafunguliwa. Mzee Festo alikuwa Makete kwa kazi nyingine, kwa hiyo Clemens, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye haraka zake, akapewa kutengeneza meza ya Bwana. Mbao zilikuwa mbichi. Zilitaka mwaka mzima kivulini, na yeye alikuwa na wiki tatu. Akapiga randa hivyo hivyo. Siku mbili kabla ya ufunguzi ukatokea ufa katikati. Akauziba kwa gundi na vumbi la mbao, akapaka vanishi, na Jumapili watu wakapiga vigelegele.

Mzee Festo, aliyekuwa amerudi jana yake, aliitazama meza ile kwa muda mrefu, asiseme neno. Heri angemtukana! Kesho yake Clemens akabeba misumeno yake akahamia Makambako. Akija kijijini kusalimia, alipita njia ya nyuma asikutane na mwalimu wake. Hata kwenye msiba wa Mzee alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Alimpenda mzee yule, na aibu ilimnyima hata kumlilia vizuri.

Leo, miaka thelathini na minne baadaye, usharika umempigia simu: Jumapili anavishwa mgolole, shuka la heshima, mbele ya watu, kwa ajili ya meza yake isiyotikisika.

"Isiyotikisika!" alirudia, jasho linamtoka. "Mama Remmy, mimi siendi."

"Utakwenda," mkewe Dainess akamjibu. "Suti nimeshaipiga pasi."

Akawa hali, halali. Alijua kabisa kwamba Yesu ataichagua Jumapili hiyo hiyo. Atakaa nyuma na sweta lake la kuazima, watu wa nyuma wataambiwa wasogee kupisha wageni rasmi, naye atasogea mpaka mbele, atainua kitambaa cha meza, atainama. Kisha atamtazama Clemens, asiseme neno.

Jumamosi akawahi kijijini, mhudumu wa kanisa akamfungulia. Aliinua kitambaa mwenyewe, akaingia chini ya meza huku magoti yakimlalamikia, akawasha tochi ya simu.

Ufa ulikuwepo. Ila ulikuwa umefungwa kwa vipande viwili vya mti mgumu, vimekazwa kwa vigingi bila hata msumari mmoja, vikapigwa msasa vizuri, pale ambapo hakuna mtu anayeangalia. Mikono ile Clemens aliijua. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli:

"Clemens, mbao ilikuwa mbichi. Nimeikaza. Njoo nyumbani tunywe chai."

Tarehe ilikuwa wiki moja tu baada ya ufunguzi.

Alilia mle chini, mtu mzima na mvi zake. Mzee aliandika pale kwa sababu hakuwa na shaka kwamba mwanafunzi wake angerudi kuikagua kazi yake. Na mwanafunzi amekagua kila stuli ya Makambako, isipokuwa meza hiyo.

Alipotoka hakushika njia ya nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Mzee, anakoishi binti yake, Teodora.

"Kamwene," alisalimia mlangoni.

"Kamwene, kaka Clemens! Makubwa leo! Kuna nini, mbona macho mekundu?"

"Kesho nitawaambia washarika wote wainame," alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Leo nimekuja kunywa chai. Baba yako alinialika. Nimechelewa kidogo."